Pumzi ya Mwenzangu

Saksafoni ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Ilikuja ndani ya kreti la mbao pamoja na tarumbeta nne na tuba iliyobonyea ubavuni, vyombo vilivyochakaa ambavyo marafiki wa kanisa huko ng'ambo walitutumia sisi bendi ya tarumbeta ya usharika wetu wa Mlandege, mjini Iringa. Mwalimu wa bendi, mzee mwembamba aliyefunzwa muziki jeshini, aliitoa kwenye majani makavu, akaipuliza vumbi, akanikabidhi mimi. Sababu yake ilikuwa moja tu: nilijua kusoma nota.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka Mbeya, juu kule kwenye viazi na pareto, ambako baba yangu alikuwa akiimba besi kanisani na alinifundisha nota kwa kuzichora kwa mkaa kwenye mlango wa ghala. Nilikuja Iringa kusoma ualimu, nikawa nakaa kwa shangazi. Kwenye bendi wenzangu wote walijifunza kwa kusikia. Mimi peke yangu nilisoma, na kwa hilo nilijiona mtu. Jioni nilihangaika na redio ya shangazi kutafuta stesheni za mbali zilizopiga jazi, jazi yenyewe ya Wamarekani weusi, maana kwetu neno hilo lilikuwa jina la bendi yoyote ya dansi yenye magitaa na mwimbaji aliyevaa suti. Nilisikiliza nusu ya wimbo, nusu mikwaruzo, halafu kesho yake nikajaribu kuitoa ile nusu kwenye saksafoni. Nilikuwa nimeshapanga maisha yangu yote: nitakuwa mpiga saksafoni wa kwanza wa kweli kutoka nyanda zetu.

Baada ya miezi minne akaja yeye.

Alitoka Idodi, kwenye mashamba ya mpunga, akaja mjini kujifunza ushonaji. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja au miwili. Aliimba alto kwenye kwaya, na Jumamosi moja baada ya mazoezi alimfuata mwalimu, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa mabinti wa Kihehe, akasema, "Kamwene, mwalimu. Naomba nijaribu ile kubwa iliyopinda."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia akasema, "Mpe."

Nilimpa. Sauti ya kwanza ilitoka kama mlango mbovu, nikafurahi. Ya pili vilevile. Baada ya nusu saa alikuwa ameshapata nota tatu, na kwa hizo tatu akapiga kipande cha wimbo ambao bibi yake, alituambia baadaye, alikuwa akiuimba wakati wa kupalilia. Hakuikanyaga nota moja kwa moja. Aliifuata kutoka chini, taratibu, akaikaribia, akakaa pale karibu nayo mpaka wewe msikilizaji unaanza kuitamani, ndipo anaifikia. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa nimetafuta kitu hichohicho kwenye redio ya shangazi kwa miezi na sikuwa nimekipata. Mama aliyekuwa akitupikia chai alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Jumatatu na Jumatano yako," mwalimu aliniambia. "Alhamisi na Ijumaa ya huyu binti. Jumamosi nitaamua mwenyewe."

Hivyo ndivyo tulivyogawana. Kila Jumatano jioni niliosha mdomo wa saksafoni kwa maji ya moto na kuufuta, nikaufungia kwenye kitambaa kwa ajili yake, na kila mara nilifanya hivyo kwa kinyongo, kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake.

Sasa nieleze kitu nilichokifanya. Nilikificha zaidi ya miaka ishirini na tano, hivyo nikieleze vizuri.

Ile saksafoni ilikuwa na ugonjwa. Chini kabisa, karibu na pale bomba linapofunguka, kulikuwa na kifuniko kimoja ambacho springi yake ilichoka. Kisipofunga sawasawa hewa inavuja, na nota za chini hazitoki. Zinakwaruza, au zinaruka juu bila kutaka. Niliugundua ugonjwa huo mwenyewe. Nilikata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli nikakifunga kifuniko kwa nyuma, pasipoonekana, na nota za chini zikatoka nene na laini. Sikumwambia mtu. Mwanzoni sikumwambia kwa sababu sikuona kama ni jambo. Halafu Jumatano moja, wakati wa kufuta, niliuvua ule mpira nikautia mfukoni. Nilijiambia utaharibu rangi ya chombo. Jumatatu nikaurudisha. Jumatano nikauvua tena. Baada ya wiki tatu sikuwa tena na haja ya kujiambia chochote.

Siku zake, nota za juu zilikuwa asali na za chini zilikuwa mbuzi aliyekabwa. Alijilaumu. Mwalimu naye alimwambia, "Pumzi, binti, pumzi. Kifua chako bado kidogo."

Mwaka huo usharika ulikuwa unaadhimisha jubilei. Mwalimu alinipa kazi ya kupanga muziki wa bendi nzima, yaani kuamua nani apige sauti gani, wapi tarumbeta ziingie, wapi zinyamaze. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na mpaka leo ndiyo kazi ninayoiweza. Niliandika wiki mbili kwenye meza ya shangazi. Katikati ya wimbo niliweka nafasi ya saksafoni kupiga peke yake, nikaiandika kwa ajili yangu: nzuri, ya kupanda na kushuka, yenye vionjo vya redio.

Mwalimu aliisoma, akaitikia kwa kichwa. "Hii atapiga binti."

"Hawezi kusoma nota, mwalimu."

"Utamwimbia. Atashika."

Nilirudi nyumbani na karatasi nikaibadilisha. Nilishusha kipande kizima cha saksafoni, kikaanza kwenye nota za chini kabisa, zilezile zilizovuja, kikakaa hukohuko kwa mistari minane. Mwalimu alipouliza kwa nini nimeanzia shimoni hivyo, nilijibu, "Ndiko inakopendeza, mwalimu. Ina uzito." Na ni kweli inapendeza. Sikudanganya kwa muziki.

Kwenye mazoezi ya Jumamosi, siku nyingine nota zilitoka, siku nyingine hazikutoka, kama ilivyo kwa chombo kinachovuja. Kila zilipotoka alinitazama akatabasamu. Jumapili ya jubilei hazikutoka. Kanisa lilijaa, watu walisimama mpaka nje kwenye ngazi. Alivuta pumzi, akapuliza, na kilichosikika kilikuwa kama mtu amevuta benchi kwenye sakafu. Akajaribu tena. Mama mmoja wa benchi la mbele alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimcheza. Watoto walicheka wazi.

Mimi siku hiyo nilishika tarumbeta. Kipande kile nilikijua kwa moyo, nimekiandika mimi. Niliinua tarumbeta nikakipiga, juu, safi, kama vile ndivyo ilivyopangwa. Bendi ikanifuata. Baada ya ibada wazee walinishika mkono mmoja baada ya mwingine. Shangazi alichinja kuku.

Yeye nilimkuta nyuma ya kanisa akiifuta saksafoni kwa gauni lake jipya alilolishona mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu lakini alisimama aliponiona.

"Kaka, asante," alisema. "Leo umeniokoa."

Akaendelea, "Nifundishe pumzi. Wewe nota za chini zinakutoka. Nifundishe unavyofanya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikamwambia sawa.

Kwa mwaka mzima nilimfundisha dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Asubuhi kabla ya masomo tulipanda njia ya kwenda mwamba wa Gangilonga. Nilimwambia avute hewa mara moja na aishike mpaka mti wa tatu wa mkaratusi, kisha wa tano, kisha wa nane. Nilimlaza chali na matofali mawili tumboni. Nilimwagiza apulize nota moja huku nikihesabu. Mengine niliyasoma kwenye kitabu cha mwalimu, mengine niliyatunga papo hapo. Alifanya yote. Alifanya mpaka mimi nikawa nachoka na yeye anaomba turudie.

Na ule mpira? Wiki moja baada ya jubilei niliufunga na sikuuvua tena. Aibu ilinizidi. Basi nota za chini zikaanza kumtoka, na yeye akaamini ni kifua. Aliwaambia watu wote, "Kaka amenitengeneza pumzi." Na jambo la ajabu ni kwamba pumzi ilikuja kweli. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anaweza kushika nota moja wakati mimi nimevuta hewa mara tatu.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha Mbeya, sekondari, na nikapewa vipindi vya muziki kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Saksafoni ilibaki Mlandege, mali ya usharika. Kwa hiyo ilibaki kwake.

Miaka miwili baadaye nilisikia yuko Chunya. Bendi moja ya dansi ilikuwa inapigia wachimbaji wa dhahabu na wakulima wa tumbaku siku za mwisho wa wiki, na ilikuwa na mwanamke anayepiga saksafoni. Nilijua ni yeye kabla mtu hajaniambia ametoka wapi. Nilipanda gari la Jumamosi asubuhi nikaenda, nikijiambia naenda kumsalimia dada yangu. Niliwakuta mchana kwenye ukumbi wa mabati, wanafanya mazoezi milango wazi, vumbi linaingia. Alikuwa na saksafoni yake mwenyewe sasa. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye uwazi mpana wa saksafoni, kuzuia vumbi, akikifungua tu anapopiga.

Nilisimama karibu na mlango. Walikuwa wanapiga rumba ya kawaida kabisa, ya kila bendi, na yeye akaingia katikati akaikamata ile rumba akaipeleka mahali sikupajua. Aliegemea kwenye nota moja ndefu, ndefu, magitaa yakazunguka mara nne chini yake, na mwanamume mmoja aliyekuwa ameshika sururu begani, mwenye vumbi mpaka kope, akasema polepole, "Huyu mama hapumui?"

Wivu uliniwaka. Pumzi ile naijua. Naijua mti kwa mti.

Aliponiona aliacha kupiga akaja mbio. "Jamani, huyu ndiye kaka yangu! Mwalimu wangu wa pumzi!" Wote wakanipigia makofi. Walinikalisha kwenye kiti kizuri, wakaniletea soda. Niliinywa. Nikamwambia amepiga vizuri ila kasi ilimzidi kidogo kwenye mzunguko wa pili. Haikumzidi.

Kutoka Chunya alikwenda Dar es Salaam, akapiga kwenye mahoteli, akakutana na watu wa jazi yenyewe. Akaenda nje, akarudi, akaenda tena. Mimi nilioa, nikahamishiwa Iringa, nikafundisha. Nilipanga nyimbo kwa kwaya nyingi kiasi kwamba hata sasa nikipita karibu na kanisa Jumapili nasikia kazi yangu na hakuna anayejua ni yangu. Sikulalamika kwa sauti. Mtu anayepanga muziki anakaa nyuma ya muziki. Lakini nilinunua saksafoni ya mkono wa pili nikawa naipiga chumbani, na kila nilipoishika nilijua mimi ni mzuri. Ni mzuri tu. Hakuna neno linalouma kama hilo.

Simu za kisasa zilipokuja, kundi la wanabendi wa zamani likaanza kutumiana video zake. Moja ilikuwa kwenye jukwaa kubwa, taa za bluu, watu weupe na weusi wamesimama. Nilimwonyesha mke wangu nikamwambia, "Sikiliza. Siku hizi sauti yake imepungua mafuta."

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. "Mbona umeirudia mara nne?"

Mtangazaji mmoja wa redio alimwuliza, nikisikia kwa masikio yangu, pumzi ile aliipata wapi. Akajibu, "Kwa kaka yangu mmoja wa Iringa." Nilizima redio. Angenisahau ningeona nafuu.

Miaka mitatu iliyopita alirudi kumuuguza mama yake. Mama alipofariki hakuondoka. Alikodi vyumba viwili Mlandege, akaanza kufundisha. Wiki ya pili tu alikuja nyumbani, mnene kidogo sasa, miwani kwenye kamba, akakaa kwenye kochi letu kana kwamba alitoka jana. Mke wangu alileta chai na viazi vya kuchemsha.

"Kaka, nina wimbo," alisema. "Ule wa bibi, wa kupalilia. Nautaka kwa saksafoni, kwaya na tarumbeta. Hakuna wa kuupanga isipokuwa wewe."

Nilichukua karatasi. Aliuimba, mimi nikaandika. Kwa saa nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata muda mrefu; yeye anaimba, mimi najua tayari tuba itakaa wapi. Nikauliza saksafoni ianzie nota gani.

"Chini kabisa," alisema. Kisha akacheka kidogo, cheko la aibu. "Unajua tangu ile jubilei sijawahi kuanzia chini mbele ya watu? Hata huko nje. Napita, nashuka, lakini kuanzia hapana. Mwili unakataa. Nataka nianzie chini mara moja kabla sijazeeka."

Niliweka kalamu mezani. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, kifuniko, springi, tyubu ya baiskeli, Jumatano. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, naye ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

Yeye hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza maswali madogo.

"Huo mpira ulikuwa unauweka wapi?"

"Mfukoni."

"Na siku ya jubilei?"

"Ulikuwa mfukoni."

Alikitazama kikombe chake. "Kaka, mimi nilikwenda hospitali kupigwa picha ya kifua. Mama alifunga siku tatu kuniombea mapafu. Mpaka anakufa alikuwa ananiuliza, mwanangu, kifua chako kinaendeleaje?"

Nilisema nisamehe. Nilisema pia, na hili najuta zaidi, kwamba bila yale mazoezi asingepata pumzi ile.

Alisimama. "Hilo usiniambie wewe," alisema. Akamuaga mke wangu kwa heshima, akatoka. Mke wangu alikaa siku kadhaa akiniongelesha kwa mambo ya chakula tu.

Miezi mitatu ilipita. Nilimwona mara mbili sokoni, akapita upande mwingine. Halafu siku moja ulikuja ujumbe kwenye simu, maneno mawili: "Malizia wimbo." Nikaumalizia. Niliupanga kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kazi yoyote. Tarumbeta nilizinyamazisha kabisa mwanzoni, zisiwepo hata za kumsaidia, maana sikutaka mtu yeyote amwokoe. Nilimpelekea karatasi, akazipokea mlangoni.

Aliupiga Jumapili mchana kwenye ukumbi wa shule moja, mimi nikiwa nimekaa safu ya sita na mke wangu. Alitembea mpaka katikati, akasimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akaanza. Nota ya chini ilitoka nzima, ikajaa ukumbi taratibu kama maji yanavyoingia kwenye jaruba la mpunga, akaishika, na kwaya ikaingia juu yake kwa sauti nne nilizoziandika, na nilijua sijawahi kushiriki kitu kizuri kuliko hiki. Nilijua hilo, na papo hapo nikatamani ningekuwa mimi niliyesimama pale. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja, na moja halikumfukuza mwenzake.

Watu waliposimama kupiga makofi alininyooshea mkono. "Aliyepanga muziki huu ni mwalimu yule pale."

Mwalimu. Hakusema kaka. Hajaniita kaka tena tangu siku ile ya chai na viazi, na sijamwuliza.

Mwezi uliofuata mwanafunzi wangu bora, binti wa kidato cha tatu ambaye nimemfundisha tangu hajui kushika chombo, alinifuata ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Naomba ruhusa, Jumamosi niwe naenda Mlandege kujifunza kwa yule mama wa saksafoni."

Nilihisi ule moto wa Chunya, uleule, haujapoa hata kidogo. Yule binti alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Nenda," nilisema. "Mwambie nimekuruhusu."

Sasa anakwenda kila Jumamosi. Anarudi Jumatatu anashika chombo kwa namna nyingine, anaweka midomo kwa namna nyingine, anasema, "Mama amesema nilegeze hapa," na mama amesema kweli. Alhamisi nami nakwenda kule, natengeneza muziki wa kundi lake la wanafunzi. Tunabishana. Wiki iliyopita alifuta mistari mitano yangu kwa kalamu nyekundu, akasema imejaa mno, haipumui. Nilikasirika njia nzima mpaka nyumbani. Kisha nikakaa mezani nikaiandika upya.